Panya na Miungu Yake, Nikitazama Kutoka Ghala la Kisenyi

Ukitaka kumjua panya, fanya kazi kwenye ghala la nafaka. Mimi ni mtu wa Morogoro, riziki yangu iko Kampala, Kisenyi, mtaa ambao mashine za kusaga mahindi zinanguruma tangu alfajiri na unga unatanda hewani mpaka nyusi za wapakizi zinakuwa nyeupe. Ni karani. Kabla ya kupokea lori la mahindi kutoka Masindi au Kiryandongo, kazi yangu ya kwanza ni kuzunguka na tochi nyuma ya magunia. Natafuta pembe iliyotobolewa, mavi meusi sakafuni, na punje zilizoliwa nusu. Panya hali punje nzima. Anatoboa kile kiini chenye mafuta, sehemu ambayo mmea ungechipuka, halafu anaacha iliyobaki iingie fukusi. Gunia linaonekana limejaa, lakini mbegu haimo tena.

Kwa hiyo sishangai kusikia kwamba ziko nchi ambako panya ana hekalu. Ninachoshangaa ni watu wanaosimulia habari hizo kama kituko cha washamba wa mbali. Nimezisoma kwa miaka mingi, na ninavyoona mimi, karibu kila mahali panya alipokaa karibu na mungu, mungu huyo alikuwa wa ghala au wa maradhi. Aliyeheshimu panya alikuwa mtu aliyejua thamani ya akiba.

Mwenye ghala letu ni mama wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Aliondoka na wazazi wake akiwa msichana mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka nchini, na akarudi miaka ya 1990. Mimi na yeye tunaongea Kiswahili. Chake ni kile cha dukani cha zamani, kisicho na maneno ya ziada. Mezani pake, kando ya kitabu cha stakabadhi, ipo sanamu ya shaba ya Ganesh, mungu wa Wahindu, isiyozidi kiganja. Kichwa cha tembo, mikono minne, tumbo limefura. Chini ya mguu wake amekaa panya ameinua uso, na mikono ya mbele ameshika laddu, peremende ya Kihindi ya mviringo. Sanamu yote imefifia rangi isipokuwa mgongo wa yule panya, unaong'aa kwa kuguswa. Siku lori linapokwama mpakani, Mama huinama akamnong'oneza panya sikioni. Bosi ana shughuli nyingi, anasema, mwambie msaidizi wake, atafikisha.

Nilimuuliza, "Mama, kwa nini panya? Tembo mzima apande panya?"

"Tembo anasukuma mti, baba. Lakini tundu dogo hapiti. Panya anapita. Wakiwa wawili, kitu gani kitawazuia?"

Simulizi yenyewe iko hivi. Krauncha alikuwa mwimbaji wa mbinguni katika baraza la Indra, mfalme wa miungu. Siku moja alimkanyaga mguu mtawa Vamadeva kwa kutoangalia, akalaaniwa awe panya. Akawa panya mkubwa kupindukia, akavamia makao ya mtawa mwingine, Parashara, akala akiba na kubomoa alichokikuta. Ganesh akamtupia kamba, akamnasa, na panya akaomba msamaha. Tangu siku hiyo ndiye kipando chake. Ukitazama vizuri, hakuuawa wala hakufukuzwa. Alitiwa kamba akapewa kazi. Kwa mfanyabiashara wa nafaka hiyo ni ndoto kamili.

Wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ndipo utaona uzito wa jambo hili. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na Ganesh, ibada wanayoiita chopda pujan. Daftari huwa jekundu, ukurasa wa kwanza unaandikwa jina la Ganesh kabla ya tarakimu yoyote, na siku hizi hata kompyuta hupakwa alama nyekundu. Mimi ndiye nitakayeandika hesabu humo mwaka mzima. Mwislamu sisujudii sanamu, na Mama hajawahi kunitaka nifanye hivyo. Nasimama kwa adabu mlangoni, ibada ikiisha napewa peremende na kalamu.

Sumu ya panya haiingii ghalani kwetu. Tuna vizimba vya waya vinavyofunga mlango panya akivuta chambo, na asubuhi kijana wa boda anapelekwa kuwafungulia kwenye majani ya kinamasi. Wapakizi wananung'unika, nami nasema wazi kwamba ghala lingekuwa langu ningefanya vingine, maana panya mwenye njaa hutafuta nafaka popote alipoachiwa. Lakini najua msimamo wa Mama unatoka wapi. Amewahi kwenda Deshnoke.

Deshnoke ni mji mdogo karibu na Bikaner, jimbo la Rajasthan, na hapo ndipo penye hekalu la Karni Mata. Mlango wa mbele ni wa fedha iliyonakshiwa, ukuta wa marumaru, jengo la mapema karne ya 20 lililofadhiliwa na Maharaja Ganga Singh. Ndani kuna panya zaidi ya 20,000. Wanakula nafaka, peremende na maziwa kwenye masinia makubwa ya chuma, wamejipanga kuzunguka ukingo wote. Unaingia peku. Panya akikupitia juu ya mguu ni baraka, na ukimwona mweupe katikati ya wale wa rangi ya udongo, hiyo ni bahati kubwa zaidi. Ukimuua mmoja, hata kwa kumkanyaga, inakupasa utoe panya wa fedha au wa dhahabu badala yake.

Karni Mata alikuwa mwanamke wa jamii ya Charan, jamii ya washairi na watunza nasaba, anayesemekana kuishi kati ya karne ya 14 na ya 16. Mtoto wake wa kambo Laxman alizama alipokuwa akinywa maji bwawani. Karni Mata akamwendea Yama, mungu wa mauti, akitaka mtoto arudishwe. Kuna masimulizi yanayosema Yama alikataa kwanza kisha akalegea. Na toka hapo watu wa ukoo wa Karni Mata wakifa hawaendi kwa Yama, huzaliwa panya hekaluni, na panya akifa huzaliwa mtu wa ukoo. Kwa hiyo wale panya si wadudu wa hekalu. Ni shangazi na babu wa watu. Mama alipoketi pale alimwona bibi mmoja akinywa maziwa kutoka sinia lilelile la panya, na jinsi alivyonisimulia, nilielewa kwamba kwake hilo halikuwa jambo la kuchekwa.

Mimi nililelewa kinyume kabisa. Madrasa tulifundishwa kwamba panya yumo katika wale watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka, pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mkali. Tukaambiwa pia tuzime taa kabla ya kulala, kwa kuwa panya huweza kuvuta utambi akaunguza nyumba na waliomo. Hiyo nayo ni hekima ya watu walioishi na kibatari na akiba ya mtama. Sioni ugomvi mkubwa kati ya madrasa yangu na sanamu ya Mama. Pande zote mbili zinakubali kwamba kiumbe huyu mdogo anaweza kukumaliza.

Na maradhi? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka 1 Samweli sura ya 6: Wafilisti walioteka Sanduku la Agano wakapigwa kwa majipu, wakashauriwa walirudishe pamoja na sadaka ya majipu matano ya dhahabu na panya watano wa dhahabu, kwa hesabu ya wakuu wao. Wako wanaoona humo kumbukumbu ya tauni. Kwa Wagiriki, mwanzoni mwa Iliadi, utenzi wao wa kale wa vita vya Troya, kuhani Chryses anamwita mungu Apollo kwa jina la Smintheus, jina ambalo wachambuzi wa kale walilihusisha na panya, na mara Apollo anashuka na kurusha mishale ya maradhi kambini kwa Wagiriki siku tisa mfululizo. Hekalu lake lilikuwa upande wa Troya, na magofu yapo mpaka leo Gülpınar, Uturuki. Mwanajiografia Strabo aliandika kwamba sanamu ya humo, kazi ya mchongaji Skopas, ilikuwa na panya chini ya mguu. Chini ya mguu, tena! Mungu aliyeweza kuleta maradhi ndiye aliyeombwa ayaondoe, na panya alikuwa alama ya mkono wake.

Hili si la kale tu. Hapa Uganda, upande wa West Nile, wilaya za Arua na Zombo zimeijua tauni kwa karibu, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe wameifuatilia huko kwa miaka. Dalili ya hatari kijijini ni panya kufa ovyo ndani ya nyumba. Panya akifa viroboto humhama, na anayefuata ni mtu aliyelala chini. Mzee asiyejua bakteria lakini amewahi kuona panya wakianguka kutoka darini kisha watoto wakipata homa, ungemwambiaje kwamba hakuna uhusiano?

Kwenye nyota nitapita haraka. Wanafalaki wetu wa pwani wanahesabu Hamali, Thauri, Jauza na wenzao, na panya hayumo. Kwa Wachina ndiye wa kwanza kati ya wanyama 12: alimpanda ng'ombe mgongoni kuvuka mto katika mashindano ya Mfalme wa Mbinguni, akaruka mbele dakika ya mwisho. Duka la vipuri vya mashine za kusaga, la Mchina, lilitugawia kalenda yenye panya mwekundu mwaka 2020, mwaka wa panya ulioanza tarehe 25 Januari. Corona ilipoingia, watu mtaani walimnyooshea kidole yule panya wa kalenda. Walimwonea. Kwa wenye kalenda yao, panya ni werevu, akiba na uzao mwingi, na waliozaliwa 1984, 1996 au 2008 hupewa sifa hizo. Japani vilevile Daikoku, mungu wa utajiri, husimama juu ya magunia ya mpunga, na panya ndiye mjumbe wake. Magunia, mnaona.

Waganda wana yao. Buganda ina koo zaidi ya 50, kila moja na mwiko wake, na mojawapo ni ukoo wa Omusu, yule ambaye sisi tunamwita ndezi. Kwa sayansi ndezi yuko karibu na nungunungu kuliko na panya wa nyumbani, lakini watu humhesabu kundi la panya. Mpakizi wetu mmoja, mzee anayeheshimiwa na wote, ni mtu wa Omusu. Siku moja vijana walileta ndezi aliyechomwa, minofu ya kupendeza. Mzee alihamia upande wa pili wa lori na chapati yake. Sikuona hasira wala hotuba, na vijana wakasogea mbali na nyama yao bila kuambiwa. Hakumwabudu ndezi, ila anamhesabu kama mtu wa nyumbani, na haoi binti wa Omusu. Nikawaza kule kusini kwetu, Mtwara, ambako panya wa shambani ni kitoweo, na nikaona Afrika Mashariki peke yake inatosha kuandikiwa kitabu kizima kuhusu panya.

Lakini mimi wa Morogoro nina panya wangu, naye ndiye ninayetaka ajulikane. Kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Hufundishwa kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi: akinusa baruti na kukwangua ardhi, anasikia mlio, anapewa ndizi. Ni mwepesi, hawezi kulipua bomu. Eneo la uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, ambalo mtu mwenye kipima chuma anaweza kulifanyia kazi siku nne. Wengine hunusa makohozi yaliyoletwa maabara kutoka hospitalini, wakikamata kifua kikuu kilichopita machoni pa hadubini. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015. Magawa, aliyezaliwa kwetu Morogoro, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu 71 ya ardhini na masalia mengine 38 ya vita. Mwaka 2020 PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata, wakamtengenezea ndogo inayomtosha kifuani. Alikufa Januari 2022. Mwaka 2025 Ronin, naye wa kwetu, akavunja rekodi yake.

Nilipomwonyesha Mama picha ya Magawa amevaa nishani, aliikuza kwenye simu, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama wale wa Morogoro nao wanapewa maziwa. Mzee wa Omusu aliuliza lingine: wazee wakichoka kazi, wanauawa? Nikamwambia hapana, hustaafu, hulishwa na kutunzwa mpaka mwisho wao. Akasema basi hao watu wana adabu. Likizo ijayo mimi na mzee tunapanda basi la Mutukula, mpakani mwa Tanzania, niende nimwonyeshe kwa macho yake.