Nilikaa na mke wa Kabaka aliyefariki 1884

Safari yenyewe ni ya Desemba 2009, ila nimeibeba moyoni miaka yote hii, leo nimeona bora niiandike. Nilitoka Bukoba na basi la asubuhi, tukagonga muhuri Mutukula, tukapita Masaka, pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta dereva hata hakupunguza mwendo, tunaingia Kampala miguu imeshavimba. Shida yangu ilikuwa moja tu, kufika Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za wake wa Bakama, wafalme wetu wa Buhaya, binti akishaingia kikale, yaani ikulu, basi, kwao wanabaki kumsikia tu, na mimi nikawa nataka nione mahali ambapo hayo mambo bado yapo.

Kesho yake boda ikanipandisha mlimani. Getini pameezekwa nyasi, panaitwa Bujjabukula, ukishapita hapo unakutana na uwanja mpana na mbele yake jumba moja kubwa la duara, paa la nyasi limeshuka mpaka karibu na ardhi. Kabaka Mutesa wa kwanza alilijenga 1882 kama ikulu, miaka miwili baadaye akafariki akazikwa humo humo, halafu wakafuata Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa pili. Wageni wengi wanaenda moja kwa moja kwenye jumba. Mimi macho yalienda kwenye vile vijumba vinavyozunguka uwanja, kwa sababu ndimo wanamokaa wake wa hao wafalme.

Nje ya kimojawapo alikuwepo mama mtu mzima sana anasuka mkeka. Nikapiga magoti kumsalimia, kwetu pia ndivyo tulivyolelewa, akafurahi akanisogezea nafasi. Luganda na Kihaya ni ndugu kwa hiyo nilikuwa nashika nusu, nusu nyingine kijana anayetembeza wageni ananitafsiria.

Nikamuuliza, jjajja, yaani bibi, mumeo ni yupi kati ya hawa wafalme? Akasema Mutesa. Nikadhani anasema wa pili, yule aliyefia London 1969. Akatikisa kichwa, hapana nnyabo, yaani mama, ni Mutesa wa kwanza.

Aisee nilinyamaza. Miaka 125. Yeye anaendelea kusuka, anapitisha ukindu mdomoni ulainike, vidole vinakunja bila hata kuangalia, akanieleza taratibu kama unavyomweleza mjukuu. Mke wa Kabaka haachi kuwa mke kwa sababu mume kaondoka. Akifa yeye, ukoo wake unaleta mwanamke mwingine, mdogo wake au mtoto wa kaka, anarithi jina na nafasi na zamu ya kulinda. Yeye alirithi kwa shangazi yake. Na Kabaka kwao hasemwi amekufa, wanasema moto umezimika, maana kuna moto unawaka mbele ya ikulu siku zote za uhai wake.

Mutesa wanasema alikuwa na wake 84. Zamani nilidhani hiyo ni tamaa tu ya mfalme, kumbe pana siasa nzito ndani yake. Mtoto wa Muganda anafuata ukoo wa baba, ila Kabaka anafuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo hakuna ukoo wa kifalme unaoshika kiti moja kwa moja na kila ukoo unatamani binti yake azae mfalme anayefuata. Akipatikana huyo mtoto, mama yake anakuwa Namasole, ana ikulu yake na katikkiro wake, yaani waziri mkuu. Hata wake wenyewe walikuwa na vyeo, Kaddulubaale ndiye mkubwa wao, anafuata Kabejja. Lakini yule binti wa miaka ile aliyepelekwa kama zawadi, hajaulizwa, akaishi ndani ya uzio wa matete na wenzake kibao wote wanamsubiri mtu mmoja, huyo ndiye mimi namfikiria zaidi, na sidhani kama cheo kilimtosha.

Nikamuuliza jjajja kama yeye aliulizwa. Akakaa kimya, akafunga ukindu, akasema aliitwa na wazee wa ukoo akaja. Alikuwa na shamba na watoto. Akaongeza kwamba hapa anaheshimiwa, na shangazi yake yupo karibu naye. Sikumchimba zaidi.

Akaniingiza ndani, viatu nje, tukakaa chini upande upande. Sakafu ina majani makavu yananukia, na mbele limening'inia pazia la lubugo, lile gome la mti linalogongwa mpaka linakuwa kitambaa, rangi ya udongo uliochomwa. Nyuma ya pazia, walikolala wafalme, wanapaita msitu, hawapiti ila wanaohusika. Akaongea kidogo kuelekea pazia, sauti ya chini kabisa, ya mtu anayemwambia mwenzake kuna mgeni.

Miezi mitatu baadaye, usiku wa tarehe 16 Machi 2010, lile jumba likateketea. Niliona kwenye tivii watu wazima wanalia barabarani, mimi namtafuta yeye tu kwenye ile picha, sikumwona. Ujenzi ulichukua miaka mingi, UNESCO wameitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2023.

Ule mkeka aliomaliza siku ile niliununua. Nimeutandika chumbani kwangu, na watoto wanajua hapo hapakanyagwi na viatu.