Sentensi mbili za mwanangu

Machi 2019 tulikuwa Houston, jimbo la Texas. Nilikuwa nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kumsuka binti yangu. Nilimuasili akiwa na miaka minane, baada ya kulelewa kwa muda kwenye nyumba kadhaa za watu. Jumapili moja, nikitenga mistari kwa kitana, nikaona kovu nyuma ya sikio, jembamba, limejikunja kama ndoano.

"Hapa ulifanya nini, mama?"

Akajibu kwa Kiingereza, sentensi mbili tu, macho yake yakiwa kwenye televisheni. Waya wa chaji, na nani aliushika. Kisha akasema aliambiwa asimwambie mtu.

Nywele zilibaki nusu. Nilichukua risiti ya duka la dawa nikaandika nyuma yake zile sentensi kama zilivyotoka, halafu nikapiga simu kutoa taarifa.

Miezi ikapita, ikaja hati ya wito wa kwenda mbele ya jopo kuu la mahakama. Mwendesha mashtaka alinieleza taratibu: ni raia 12 wa kawaida, chumbani hakuna hakimu, mtuhumiwa hayupo wala wakili wake. Hawaamui kama mtu ana hatia. Wanapima tu kama kuna sababu ya kutosha kumfungulia mashtaka, na wanahitajika 9 waseme ndiyo. Hapo pia, maneno ya mtoto yanaweza kuletwa na mtu mzima aliyeyasikia, kwa hiyo binti yangu hakulazimika kuingia.

Nilishusha pumzi. Ndipo ikanijia kwamba mzigo wenyewe ni wangu.

Nilijiandaa wiki mbili. Nilizisema zile sentensi bafuni, nilizisema kwenye gari alfajiri nikirudi kazini. Kila nikirudia, kuna kitu kinaongezeka. Mara "bila huruma", mara "mtoto mdogo kama yule". Jirani yetu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, alikubali kukaa mezani kwangu na ile risiti mkononi, anisikilize.

"Hapo umeongeza, dada. Hiyo ni hasira yako, haiko ya mtoto. Anza tena."

Nilianza tena mpaka chai ikapoa. Mpaka leo namshukuru, kwani hasira yangu ingeyafunika maneno yenyewe. Niliomba mkalimani wa Kiswahili kwa maswali ya kisheria, maana nikibabaika Kiingereza hunikimbia. Maneno ya mtoto niliamua kuyasema kwa lugha yake mwenyewe.

Lililonitesa zaidi ni kunyamaza nyumbani. Nilikatazwa kumfundisha la kusema, hata kumchimba zaidi. Basi nilimsuka tu, kichwa kizima safari hii, kidole changu kikipita juu ya lile kovu bila kusimama.

Siku yenyewe nilivaa gauni la kanisani. Yaliyosemwa mle ndani siyaandiki: Texas humwapisha shahidi atunze siri ya kikao, nami niliapa.

Jioni nilimfuata shuleni. Alifunga mkanda, akauliza:

"Walikuuliza nini, Mama?"

"Nimeapa nisiseme."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mwanangu."

Akanyamaza mpaka taa ya pili ya barabarani. "Si ulisema nyumbani kwetu hatufichani?"

Nilisimamisha gari kando, kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Nilimwambia kuwa siri niliyoapa ni ya maswali yao na kile chumba. Yaliyompata yeye ni yake, amwambie amtakaye, siku anayotaka, na hakuna mtu mzima duniani mwenye ruhusa ya kumziba mdomo.

Alifikiri kidogo. "Basi nataka kumwambia bibi."

Tanga ilikuwa saa saba usiku. Tulimpigia hivyo hivyo.