Kuhesabu mazutu kabla ya kuhesabu kaboni

Nilipopewa kazi ya kuandaa hesabu ya kwanza ya gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, ya ofisi ya umma ninakofanya kazi hapa Lubumbashi, nilianza mahali ambapo mhasibu yeyote angeanzia, yaani kwenye daftari la matumizi ya fedha, na huko ndiko nilikopotea. Vitabu vilionyesha faranga zilizolipwa kwa mafuta mwezi baada ya mwezi, lakini havikuonyesha lita. Kwa kuwa bei ilibadilika katikati ya mwaka, na bonu nyingine zilijumlisha mazutu ya jenereta, petroli ya magari na hata oili ya injini katika mstari mmoja, kugawanya faranga kwa bei kulinipa jibu ambalo nisingethubutu kulitia sahihi.

Kinachoungua ni lita. Lita moja ya mazutu hutoa takribani kilo 2.68 za kabonidioksidi, na lita ya petroli takribani kilo 2.3. Wenzangu walishangaa kuona gesi ikiwa nzito kuliko mafuta yenyewe, hadi nilipowaeleza kwamba kaboni iliyomo ndani ya mafuta hujiunga na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua. Kwa hesabu hiyo, pipa la lita 200 linalosimama nyuma ya ofisi yetu ni zaidi ya nusu tani ya kabonidioksidi.

Itifaki ya Gesijoto, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi hizo, ambayo kiwango chake cha taasisi kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2001, hugawa hesabu katika mafungu matatu: gesi inayotoka kwenye injini na mitambo ya taasisi yenyewe, gesi inayotokana na umeme ulionunuliwa, na gesi nyingine zote zinazoifuata kazi ya taasisi, kama vile safari za ndege na bidhaa zinazonunuliwa. Katika nchi ambazo umeme wake hutokana na makaa ya mawe au gesi asilia, fungu la pili huwa zito. Kwetu ni jepesi, kwa sababu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hutoka kwenye maji: Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha kwenye Lufira, na Inga ya mbali, ambayo umeme wake husafiri takribani kilomita 1,700 hadi Kolwezi.

Hapo ndipo penye hatari ambayo ningependa kila mwandishi wa ripoti wa mkoa huu aiangalie. Umeme unapokatika, mstari wa umeme katika ripoti hupungua, na msomaji aliye mbali anaweza kudhani kwamba ofisi imejifunza kubana matumizi, kumbe kazi yote imehamia kwenye jenereta, ambayo moshi wake ni mzito mara nyingi zaidi kwa kila saa ya taa na kompyuta. Ofisi isiyoandika lita za jenereta itaonekana safi zaidi katika mwaka ambao umeme ulikatika sana. Siwezi kukubali ripoti ya namna hiyo itoke kwenye meza ya serikali, kwa sababu wananchi na wahisani wataiamini.

Viyoyozi nusura nivisahau. Gesi ya R-410A iliyomo katika vingi vya viyoyozi hupasha joto takribani mara 2,000 kuliko kabonidioksidi ya uzito uleule katika kipindi cha miaka 100. Kilo moja ikivuja, ni kama kuchoma karibu mapipa manne ya mazutu. Fundi anapokuja kujaza gesi, risiti yake husema tu «matengenezo». Sasa tunamwomba aandike aina ya gesi na kilo alizoongeza.

Makala ya jikoni, yaani mkaa wa kupikia, yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kabonidioksidi yake huandikwa kando, nje ya mafungu matatu, kwa sababu katika hesabu ya taifa upotevu wa miti huhesabiwa upande wa ardhi na misitu. Lakini methani inayotoka makala yanapoungua huingia katika fungu la kwanza. Kuandikwa kando si kufutwa, nami nimesisitiza mstari huo ubaki kwenye ukurasa uleule, maana miti ya miombo inayozunguka mji huu ndiyo inayogeuka makala hayo.

Mwishowe lita zetu nilizipata kwa papa sentineli anayewasha jenereta. Alikuwa na kidaftari chenye madoa ya mafuta, ambamo kila alipomimina bidoni aliandika tarehe na namba iliyosomeka kwenye kidude kinachohesabu saa ambazo mashine imewaka. «Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza hiki,» aliniambia. Niliketi naye siku mbili tukilinganisha saa hizo na bonu, na pale ambapo kurasa mbili zilikuwa zimechanika tulikadiria kwa wastani wa miezi ya jirani, kisha nikaandika wazi katika ripoti kwamba tarakimu hizo ni za makadirio. Tangu Januari daftari lake limepigwa mistari mipya: tarehe, saa, lita, aina ya mafuta, sahihi yake na yangu.