Chai baridi ya choya na mabibo, hapa hapa Mtwara

Kuanzia Oktoba mpaka mvua zishike, Mtwara ni jasho tu. Wenzetu wa Shangani wana upepo wa bahari. Sisi wa huku nyuma tuna feni, umeme ukiwepo. Nyumbani kwangu soda zilikuwa zinaisha kuliko maji, na juisi ya embe, kwa uzito wake, ukinywa glasi mbili unatafuta maji ya kuishushia. Nikataka kitu chepesi, chai isiyo na majani ya chai, yenye tunda ndani yake, ya baridi, ambayo hata mtoto akinywa jioni atalala. Sasa jagi halikosekani kwenye friji.

Msingi wake ni choya, yale maua mekundu ya rozela. Kavu nanunua kwa wauza viungo sokoni, na konzi moja ya kujaa inatosha lita moja ya maji. Naisuuza haraka kutoa vumbi, naiweka kwenye jagi la kioo, namimina maji niliyokwisha chemsha na kupoza, nafunika, friji usiku kucha. Choya haiombi moto ili itoe rangi. Kwenye maji baridi inatoa wekundu ule ule, na ukali wake unakuja taratibu, kwa hiyo sukari unayohitaji ni kidogo. Ila chombo kiwe kioo au stili, maana uchachu wa choya unakula sufuria ya alumini na ladha ya chuma unaisikia ulimini.

Mchaichai ni kinyume chake, huo bila moto haukupi kitu. Nakata mashina kwenye mche ulio kando ya bomba, napondaponda ile sehemu nyeupe ya chini kwa mchi, nakata majani vipande, natia tangawizi iliyopondwa na punje chache za iliki. Ukichemka napunguza moto, dakika kumi, kisha naepua bila kufunua mpaka upoe. Harufu inayojaa jikoni ndiyo hiyo uliyoitaka iwe kwenye glasi, kwa hiyo mfuniko usicheze nao. Naupika mzito kuliko wa kunywa moto, kwa sababu barafu itauzimua.

Matunda sichemshi kabisa. Embe lililochemshwa linanuka jamu, na nanasi likipita kwenye moto linapoteza ule ukali wa mbichi ambao ndio tunautafuta. Majani na viungo vipate maji ya moto, tunda liingie mwisho, kila kitu kikishapoa.

Na tunda lenyewe, msimu huu, ni bibo, tunda la mkorosho. Ukipita mashambani wakati wa korosho utayaona yamelala chini ya mikorosho mafungu kwa mafungu, yamekwisha nyofolewa korosho zake, yanangoja nzi na wapika uraka, ile pombe ya mabibo. Harufu yake hakuna tunda lingine linaloifikia. Tatizo ni ukakasi. Bibo linakukaba koo na kukausha ulimi, na ukilitia kwenye chai hivi hivi, chai yote inakuwa ya kukaba.

Dawa nilipewa na bibi mmoja jirani, aliyenikuta narudi na ndoo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mabibo yote hayo, umeanza kupika uraka?”

“Hapana bibi, nayatia kwenye chai.”

“Kwenye chai!” Akanitazama, akaitazama ndoo. “Haya. Basi yatilie uji wa mchele kwanza, la sivyo wageni wako watakunja nyuso.”

Nilifanya hivyo na ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Nachagua mabibo yaliyoanguka asubuhi ile ile, yasiyopasuka, maana yakifika jioni yameshaanza kunuka ulevi. Korosho naizungusha inatoka yenyewe. Usiing'ate, mafuta ya ganda lake yanababua midomo. Naosha, nakatakata, nakamua. Juisi inatoka ya manjano, nzito. Kwa kila lita natia nusu kikombe cha uji mwembamba wa mchele uliopoa, usio na chumvi wala sukari, nakoroga, naacha. Baada ya muda inaanza kukatika kama maziwa yaliyoganda: vipande vyeupe vidogo vidogo vinajikusanya na kuzama, na juu kinabaki kimiminika angavu cha kung'aa. Ukakasi umeshikwa na ule uji, umekwenda nao chini. Namimina cha juu taratibu kupitia khanga kuukuu. Iwe kuukuu kweli, kwa sababu doa la bibo likishakauka kwenye nguo halina sabuni.

Kuchanganya ni kwa ulimi wako. Mimi hutia vikombe viwili vya choya, kimoja cha mchaichai, kimoja cha bibo, na ndimu nusu. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye baridi, inalala chini ya jagi na wa mwisho kumimina ndiye anayeipata yote. Kwa hiyo napika shira, kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, natia na ganda la ndimu, naihifadhi kwenye chupa. Kila mtu anajimiminia. Mama mkwe wangu ana kisukari, yeye haigusi chupa ile, na anasema hivyo ndivyo inavyopendeza zaidi.

Barafu ya maji inaharibu kazi. Naigandisha choya yenyewe kwenye vikopo, ikiyeyuka inaongeza badala ya kupunguza. Umeme ukikatika, jagi naliviringishia kitambaa kilicholowa na kuliweka sakafuni mlango wa uani ukiwa wazi. Halitakuwa la baridi kali, lakini linanyweka.

Choya peke yake inakaa kwenye friji siku tatu hadi nne bila shida. Ikishatiwa bibo, imalizike siku ile ile au kesho yake asubuhi, ikizidi hapo inatoa povu na bibi wa jirani atakuwa alisema kweli kuhusu uraka. Jambo jingine ambalo huwauliza wageni kabla sijamimina ni presha: choya hushusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa zake, na mwenye mimba pia, nammiminia chai ya mchaichai na tunda bila choya.

Mabibo yakiisha natumia ukwaju, niliouloweka na kuuchuja, ila hapo choya napunguza kwa nusu maana uchachu juu ya uchachu unakata meno. Pasheni nayo inakubali vizuri. Nyumbani wamegawanyika kuhusu mbegu zake; watoto wanataka ziachwe zielee, baba yao anataka zichujwe, na mimi nachuja jagi moja na kuliacha jingine.