Siku moja maishani mwangu: mchimba kaburi wa kijiji, nyuma ya Mikindani

Saa 11:30 alfajiri. Tumemaliza kusali, shehe anatangaza msiba: bibi mmoja wa kitongoji cha bondeni kafariki usiku, atazikwa baada ya Adhuhuri. Watu wananigeukia. Kazi hii haina mshahara, niliirithi kwa mjomba.

Saa 1 asubuhi. Napitia msibani kuchukua kamba ya kipimo. Oktoba ni taabu kupata watu: vijana wako mashambani wanaokota korosho, wengine wamepeleka mzigo kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Napata watatu. Wawili wengine wanashuka kutoka kitongoji cha juu, Wakristo, machepe begani. Nao wakifiwa tunakwenda; makaburi yao yako ng'ambo ya njia, yale yenye misalaba ya saruji.

Saa 2 mpaka saa 5. Hapa ndipo penye kazi. Kwetu Mtwara, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo kaburi tunalilaza mashariki na magharibi, kichwa mashariki, ili marehemu akilalia ubavu wa kulia aelekee kibla. Udongo ni kichanga. Mwanandani, kile kishimo cha ndani anamolazwa maiti, ukichimbwa ubavuni ungebomoka, basi tunauchimba katikati ya shimo na kuufunika kwa mbao. Shimo likifika kiunoni tunagonga mzizi wa mkorosho, mnene kama paja. Shoka! Jirani anasogeza shamba lake kila mwaka, sasa mabibo yanawaangukia wazee wetu.

Kaburi likishachimbwa haliachwi peke yake, kwa hiyo nabaki. Anakuja mgeni kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Babu yangu yuko wapi?"

Mashahidi yetu, zile alama za kaburi, ni mawe matupu, hayana jina. Nampeleka: upande wa mbuyu, la tatu. Ramani yote imo kichwani mwangu, nami silipendi hilo hata kidogo. Kijiji kinashindwa daftari?

Saa 8 mchana. Jeneza linafika, watu wanapokezana. Kwa kuwa ni mwanamke, tunatandaza kanga juu ya shimo wakati wajukuu zake wanamlaza. Kila mtu viganja vitatu vya udongo, maji, kisha talkini, maneno ya kumkumbusha marehemu imani yake.

Saa 10. Tunanawa, tunakula wali msibani. Kijana mmoja ananiuliza, "Mjomba, kesho tukaukate ule mkorosho?"

Namwambia tuitishe kikao kwanza. Mwenye shamba ni shemeji yangu.