Karura na wazee wetu leo

Jamani leo nimeshinda msituni Karura, hapa Nairobi, na wazee wa kikundi cha mamangu, wengi wamepita sabini, kila mtu na fimbo yake na chai kwa flaski.

Tumeshuka pole pole mpaka maporomoko, kila kamlima tunasimama watu wavute pumzi, hakuna anayeachwa nyuma na hiyo imenifurahisha sana.

Sasa kuna mzee mmoja zamani alikuwa fundi wa kuchonga vinyago. Akaona tawi kavu la muhugu limeanguka kando ya njia, akainama taratibu, akalikwaruza na ukucha wa kidole gumba halafu akatupitishia puani mmoja mmoja.

Harufu tamu ajabu!

Macho yakamng'aa, akatuonyesha na mti wenyewe ulio hai, akaeleza vile mchwa hawauwezi, kisha akalirudisha tawi pale pale.

Mama naye akakumbusha vijana kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiutetea msitu huu, na kweli bila yeye na wenzake leo tungekuwa tunatembea kati ya mageti ya matajiri.

Nyinyi wazazi wenu mnawapeleka kutembea wapi? Niambieni, tunapanga ya mwezi ujao, wengine wanataka vilima vya Ngong lakini naogopea magoti yao.