Siku Moja Maishani Mwangu: Kuivizia Theluji ya Juni kwenye Mlima Adams

Saa 7:30 usiku. Kengele ilipolia nilitoka hemani huku viatu vikiwa havijafungwa kamba, nikachukua fimbo ya skii na kuichoma theluji iliyokuwa hatua tatu kutoka kwenye gari. Fimbo iligonga na kukataa kuingia. Nilipoiegemea kwa uzito wa mwili ikatoboa ukoko wenye unene wa vidole vitatu, kisha ikazama hadi nusu katika theluji laini iliyokuwa chini yake. Kipimajoto nilichokuwa nimekitundika kwenye kioo cha gari kilionyesha nyuzi 4 juu ya sifuri. Wageni wengi hushangaa kusikia kwamba theluji inaweza kuganda wakati hewa haijafika sifuri, lakini usiku wa Juni ndivyo unavyofanya kazi: theluji hurusha joto lake angani, na anga likiwa wazi hakuna wingu la kulirudisha, hivyo tabaka la juu huganda hata kama hewa inayoligusa ina vuguvugu kidogo. Lau kungekuwa na mawingu, ningewaamsha wateja wangu kuwaambia walale.

Kazi yangu ni kuwaongoza watu kwenye milima ya volkeno ya safu ya Cascade, magharibi mwa Marekani, ambako wanapanda kwa nguvu zao na kushuka kwa skii, yaani mbao nyembamba za kutelezea theluji, mahali pasipo na lifti wala njia iliyosawazishwa kwa mashine. Mwezi Juni, milima ya kawaida imekwisha kuwa ya kijani, ila hizi volkeno zimeinuka peke yake juu ya misitu na kupokea theluji ya kutisha wakati wa baridi. Kituo cha skii kilicho kwenye Mlima Baker kilipima karibu mita 29 za theluji katika msimu wa 1998 hadi 1999, na rekodi hiyo ya dunia ingali yao. Mlima Adams, wenye kimo cha mita 3,743, ni wa pili kwa urefu katika jimbo la Washington baada ya Mlima Rainier, nao ndio niupendao kuliko yote kwa sababu ya makorongo ya upande wa kusini-magharibi, yaitwayo Southwest Chutes, yanayoshuka takriban mita 1,200 bila kukatika.

Saa 8:15 usiku. Tuliondoka watu wanne: mimi, mama mmoja na mwanawe wa kiume, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Barabara ya kwenda Cold Springs, ambako njia ya kupandia huanzia, ilikuwa bado imezibwa na theluji pamoja na miti iliyoanguka, kwa hiyo tulianza chini zaidi, skii zikiwa zimefungwa mgongoni. Kabla ya hatua ya kwanza nilikagua redio ambayo kila mtu huvaa kifuani ili apatikane akifukiwa na poromoko, nikahesabu makoleo, nikauliza vibali, kwa kuwa kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 hakuna anayeruhusiwa kupita kimo cha futi 7,000, yaani mita 2,134, bila kibali. Kila mmoja alibeba pia mfuko wa kubebea haja yake kubwa hadi chini, jambo ambalo huwa naliambia watu waziwazi mapema, maana ukilionea haya saa nane za usiku utalionea haya zaidi saa nne asubuhi.

Saa 10:40 alfajiri. Tulikuwa tumevaa skii na kupanda kwa ngozi, yaani tepe ndefu zinazobandikwa chini ya skii. Zamani zilikuwa ngozi za sili kwelikweli, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi yanayolala upande mmoja, yanayoteleza kwenda mbele na kugoma kurudi nyuma. Kwenye mwinuko mmoja mgumu ngozi ya skii ya kushoto ya yule mama ilibanduka, akaanza kurudi nyuma taratibu huku akicheka kwa woga. Nilipoigeuza nikaona gundi imefunikwa na punje za barafu kama chumvi ya mawe. Kosa lilikuwa langu. Jana jioni nilijitolea kumkunjia ngozi zake, nikazikunja zikiwa na unyevu, nikazitia kwenye mfuko wa nje badala ya kulala nazo. Nilikwangua barafu kwa ukingo wa kadi ya plastiki, nikafungua koti na kuibana ngozi ile tumboni, juu ya fulana, kwa dakika nane, hali wote wamesimama gizani wakinitazama nikitetemeka. Ilishika tena. Niliifunga kwa mkanda wa mpira katikati kwa tahadhari, tukaendelea.

Saa 12:05 asubuhi. Tulifika Lunch Counter, uwanda wa theluji na miamba ulio kwenye mita 2,800 hivi, jua likiwa limeshachomoza. Upande wa kusini, Mlima Hood ulikuwa umegeuka rangi ya waridi; upande wa magharibi, kivuli cha mlima tuliosimama juu yake kilikuwa kimelala juu ya misitu kama pembetatu ya buluu iliyochongwa, na pembeni yake ukaonekana Mlima St. Helens uliokatwa kichwa. Mwalimu aliniuliza kama ni kweli ulipoteza kilele siku moja. Nilimjibu kwamba ni kweli: tarehe 18 Mei 1980 ulilipuka, ukapungua takriban mita 400.

Kutoka hapo mteremko ni mkali na ulikuwa umeganda kama sakafu, hivyo tulirudisha skii mgongoni, tukafunga kramponi za meno ya chuma kwenye viatu, kila mmoja akashika shoka la barafu. Hakuna mengi ya kusimulia juu ya saa tatu zilizofuata. Mtu huhesabu hatua, hupumua, huhesabu tena.

Saa 3:20 asubuhi. Pikers Peak ni kilele cha uongo. Kutoka chini kinaonekana kuwa ndio mwisho, na wengi hufika pale wakiwa wamemaliza nguvu zote kwa imani hiyo, kumbe kilele chenyewe kiko mbele, ng'ambo ya tandiko pana, yaani mbonyeo ulio kati ya vilele viwili, karibu mita 190 juu zaidi. Huwa nawaambia wateja mapema, nao husahau kila mara. Kijana alikaa chini na kutangaza kwamba ametosheka. Mama yake akampa kipande cha jibini bila kumjibu, akaendelea kutembea, na kijana akamfuata.

Saa 4:30 kamili tulikuwa kileleni. Paa la kibanda cha walinzi wa moto, kilichojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lilikuwa limetokeza kiasi cha urefu wa mkono kutoka kwenye theluji. Katika miaka ya 1930 watu walipandisha nyumbu hadi huku kutafuta salfa kwenye udongo wa kilele, biashara ambayo haikuwahi kuwalipa. Tulikaa dakika kumi tu, kwani upepo ulikuwa mkali na wingu jembamba lilikuwa limeanza kuuvika mlima kofia. Volkeno inayosimama peke yake huilazimisha hewa ipande juu ikapoe, hivyo hujitengenezea wingu lake hata siku ambayo bonde lote lina jua.

Saa 5:35. Hapa ndipo kazi yangu halisi huanzia, nayo ni kusubiri. Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo wa korongo, karibu na Pikers Peak, skii zikiwa miguuni na helmeti zimefungwa, lakini kisigino changu kilipogonga theluji hakikuacha alama yoyote. Ukoko ule wa usiku, ambao huku juu ulikuwa mnene kuliko kule tulikolala, ulihitaji jua, na jua lilikuwa nyuma ya kofia ya wingu. Tunachokitafuta sisi ni theluji ya chenga: baada ya siku nyingi za kuyeyuka mchana na kuganda usiku, chembe za theluji hupoteza ncha zake, huviringana na kuwa punje kubwa kama chenga za mchele, na asubuhi jua linapoyeyusha gundi ya barafu iliyozishikanisha, tabaka la juu lenye sentimita tatu hadi tano hulegea huku chini kukiwa bado kugumu. Kuteleza juu ya theluji hiyo ni raha isiyo na mfano. Kuteleza kabla haijalegea ni sawa na kuteleza juu ya vigae kwenye mteremko wa nyuzi 35.

Vijana wawili wa kundi jingine hawakusubiri. Tuliwasikia kuliko tulivyowaona, sauti ikiwa kama kijiko kinachokwangua ukoko kwenye sufuria, kisha sauti ikakatika. Wa pili alikuwa ameanguka. Aliserereka kwa mgongo umbali wa kama uwanja wa mpira, akasimama kwenye ukingo mdogo, akainuka, akatikisa mkono kutuonyesha kuwa yuko salama. Fimbo yake moja iliendelea na safari bila yeye. Wateja wangu, ambao kwa nusu saa walikuwa wakinung'unika kwamba miguu inaganda, hawakuniuliza tena saa.

Saa 6:20 mchana wingu lilipasuka. Ndani ya dakika 25 kisigino changu kilianza kuacha alama, kwanza kama mkwaruzo, halafu kikombe kidogo chenye ukingo unaomeremeta. Mabadiliko haya huja kwa kasi kwa sababu theluji mpya huakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, ilhali hii ya zamani, yenye punje kubwa na maji katikati yake, hunywa karibu nusu ya mwanga unaoifikia. Kadiri inavyolowa ndivyo inavyozidi kunywa. Saa 6:50 niliingia wa kwanza, nikapinda mara sita, nikasimama nyuma ya mgongo wa mwamba na kumwita mmoja baada ya mwingine. Mama alishuka akiwa ameuma midomo. Kila alipopinda, chenga zilimwagika kando ya skii zake kwa mlio wa mchele unaopetwa kwenye ungo, na alipofika kwangu hakusema neno, aliniashiria kwa kidole tu kwamba tuendelee.

Mita 500 za kwanza zilikuwa kamilifu. Lakini lipo jambo ambalo mlima mrefu namna hii haukuruhusu kulikwepa: saa ambayo theluji ya juu inakuwa tayari, ya chini imekwisha kupitiliza. Ningewahi kwa ajili ya chini, wateja wangevunjika juu. Nilisubiri kwa ajili ya juu, nikijua kabisa kwamba chini ya mita 2,600 tutalipa. Nililichagua hilo mwenyewe, na siku nyingine yenye joto zaidi nisingelichagua. Tulipofika huko, mapira ya theluji yalikuwa yameanza kubingirika yenyewe kutoka kwenye miamba myeusi iliyopashwa moto na jua, na hiyo ndiyo dalili ninayoihofia kuliko zote, kwa maana tabaka la juu likishapoteza mshikamano, poromoko la theluji ya maji huweza kuanza kwa uzito wa mtu mmoja. Niliwahamisha wote hadi kwenye mgongo ulioinuka kati ya makorongo mawili, nikawataka waachane kwa nafasi kubwa na wasisimame hadi pale nitakaposimama mimi.

Saa 8:10 alasiri. Theluji ilikuwa uji. Juu yake kulikuwa na utando wa vumbi na chavua, na mahali pengine wekundu hafifu wa mwani unaoishi ndani ya theluji; skii ikipita hapo hushikwa ghafla huku mwili ukiendelea na mwendo. Mwalimu alianguka kifudifudi mara mbili, akainuka na masharubu mekundu. Huku nikiwasubiri nilikuwa nikiangalia dira, kwa kuwa hatari nyingine ya mlima wenye umbo la pia ni kwamba kila upande unashuka na kila mteremko unakuita: ukikosea nyuzi 10 tu juu, baada ya kilomita 5 umeachana na njia yako kwa karibu mita 900, na kila mita unayoshuka kwa raha huko utailipa kwa kupanda. Makorongo haya yenyewe hukutupa magharibi mwa gari, hivyo tulilazimika kukata kushoto bila kupoteza kimo, tukivuka mfereji baada ya mfereji.

Saa kumi kasorobo tuliingia kwenye msitu ulioungua katika moto wa 2012. Mashina meusi bado yamesimama, na kuzunguka kila shina theluji ilikuwa imeyeyuka na kuacha shimo lenye kina cha magoti. Tulivua skii, tukatembea kwenye matope na theluji kwa zamu. Kijana, yule aliyetaka kuishia Pikers Peak, ndiye aliyebeba skii za mwalimu pamoja na zake.

Saa 11:05 jioni. Tulifika kwenye gari. Wateja walivua viatu na kukaa kimya, wakaagana nami na kuondoka. Safari hii nilizitandaza ngozi za kukodisha juani, juu ya boneti, gundi ikitazama juu, hadi zilipokauka kabisa. Kisha nikaandika kwenye daftari: ukoko sentimita 6 usiku, makorongo yamefunguka saa 6:45, yamechelewa kwa sababu ya wingu, mapira kuanzia mita 2,600 saa 7:30. Utabiri wa kesho ulikuwa kimo cha kugandia, yaani kimo ambako hewa hufika nyuzi sifuri, mita 4,100 na mawingu kuanzia usiku wa manane, maana yake hakutakuwa na ukoko hata kileleni. Niliendesha gari hadi mahali penye mtandao, nikawapigia simu wateja wa kesho kuwaambia kwamba hatutapanda, na mmoja wao akanijibu kwa hasira kwamba picha za mlima alizoziona mtandaoni zinaonyesha anga safi.